Kamera ya Mambo ya Ndani: Mwongozo wa Kuchagua kwa Bei Nafuu, kwa Wakaazi wa Mombasa

Binamu yangu alirekodiwa usiku wa kupamba kwa simu ya dadake. Simu zote zilikusanywa mlangoni mwa ukumbi, zikatiwa kapuni kama ilivyo ada, ila hiyo moja ikaachiwa kwa kuwa ni ya mtu wa nyumbani. Hakuna aliyeituma kokote. Siku tatu baadaye mtoto wa huyo dada, ana miaka minane, akafungua tabuleti atazame katuni zake. Sebuleni kulikuwa na wageni wa kiume waliokuja kula. Bibi harusi akatokea kwenye kioo kichwa wazi, mgongo wazi, anazungushwa kwa vigelegele, na sauti iko juu kabisa. Simu na tabuleti zilikuwa kwenye akaunti moja. Kilichorekodiwa huku kilipanda chenyewe, kikateremka kule chenyewe.

Tangu hapo mambo ya ndani siyarekodi kwa simu. Nina kamera mbili kuukuu zisizojua intaneti ni nini, na kazi yangu ni harusi za wanawake: kupamba, usiku wa hina, vugo. Kwa sababu hiyo napigiwa simu sana. Wengine ni akina mama wanaotaka kamera ya kumrekodi nyanya yao akisimulia ya zamani kabla kumbukumbu haijamtoka. Wengine, kwa sauti ya chini na baada ya salamu ndefu kupita kiasi, ni mume na mke wanaotaka kujirekodi wao kwa wao. “Dada, kamera gani nzuri, na isiwe ghali?” Mimi siulizi utarekodi nini. Kwangu ni video ya aina moja: ile ambayo watazamaji wake unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na unataka wabaki hao hao. Kamera ya video kama hiyo haichaguliwi kama kamera ya kupostia.

Kabla ya kutoa pesa: nani yumo, na nani ataitazama

Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloamua ununue nini. Kila anayeonekana ajue kwamba anarekodiwa na awe amekubali akiwa na akili zake, bila kubembelezwa hadi akachoka. Aliyekubali jana anaweza kukataa leo, na akikataa kamera inazimwa. Kwa mambo ya chumbani, mtu aliye chini ya miaka 18 hayumo hata kidogo. Hilo halina mjadala. Kwa usiku wa wanawake, watoto na majirani wanaopita nyuma ya kamera nao ni watu. Mimi huweka kamera pembe ambayo aliyekataa anaweza kukaa nyuma yake, kisha natangaza kwamba upande huu unarekodiwa na upande ule haurekodiwi.

Wanandoa mimi huwauliza swali moja linalowakera: siku mkikosana, kadi itakuwa kwa nani? Ni bora mlijibu mkiwa mnacheka. Wengi huamua kwamba video ikitazamwa inafutwa. Wengine hufunga faili kwa neno la siri lenye nusu mbili, kila mmoja anajua nusu yake, na haifunguki mpaka wakae pamoja.

Sheria nayo iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha ya faragha ya mwenzake: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Naisema ili anayesema “mimi ni mumewe, naweza kumpa nitakaye” ajue kwamba hawezi.

Hatua ya kwanza: pima chumba chako

Watu hukimbilia dukani kabla hawajajua kamera itasimama wapi. Chukua tepu ya fundi cherehani, upime kutoka pale utakapoweka stendi hadi pale panapotakiwa kuonekana. Vyumba vyetu vingi, hasa nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene na makabati mazito, vitakupa mita 2 na nusu, labda 3.

Sasa hesabu ndogo. Lenzi pana, ile inayoandikwa ni sawa na milimita 27 au 28, kwa mita 2 na nusu itakuonyesha upana wa mita 3 na zaidi kidogo. Kitanda chote kinaingia, au nyanya pamoja na wajukuu wawili waliomkalia miguuni. Lenzi ya milimita 50 ambayo kila mtu wa picha atakushauri ununue kwa kuwa ni rahisi na inafifiza mandharinyuma, ukiivalisha kwenye kamera ya Canon ya bei ya chini inakuwa kama milimita 80. Kwa umbali ule ule itakuonyesha mita 1 tu. Utapata uso wa mtu na nusu ya mto. Nimemwona bwana mmoja ametoa stendi nje ya mlango ili apate nafasi, akawa anarekodi chumbani mwake akiwa koridoni.

Pima pia mwanga. Washa taa utakayoitumia na utazame mkono wako: ukiona mistari ya kiganja bila kukaza macho, kamera ndogo itakutosha. Kama huioni, ama uongeze taa ama uongeze pesa. Taa ni rahisi zaidi.

Hatua ya pili: simu, na kwa nini naikataa

Sitasema mengi. Simu ya leo inapiga video safi kuliko kamera nyingi za bei nafuu, hilo ni kweli. Lakini simu ni kitu unachompa mtoto acheze, unachompelekea fundi kioo kikipasuka, kinachonyakuliwa barabarani ukiwa dirishani mwa matatu, na chenye programu ishirini ulizozipa ruhusa ya kufungua picha zako bila kusoma. Kama huna budi, iweke isiwe na mtandao kabla ya kurekodi, zima kabisa kuhifadhi picha mtandaoni, hamisha faili kwa waya, kisha lifute hata kwenye lile pipa la picha zilizofutwa, ambalo hukaa nazo wiki kadhaa.

Kamera ya ulinzi ya waifai ndiyo mbaya kuliko zote. Inauzwa rahisi, inaona gizani, na mtu anajiambia ataigeuza kazi. Ile imeundwa kutuma picha nje ya nyumba. Chumbani haina kazi.

Hatua ya tatu: aina tatu za kamera, na moja ya kuikimbia

Ya kwanza ni hendikamu, kamera ya video ya mkononi yenye mkanda wa ngozi pembeni na kioo kinachofunguka kama dirisha. Vijana wanaicheka. Mimi ndiyo ninayoipendekeza kwa watu saba kati ya kumi. Kile kioo hugeuzwa mbele, ukajiona upo ndani ya fremu au umekatwa kichwa. Inarekodi mfululizo hadi kadi ijae au betri ife, haikatiki katikati. Na kwa kuwa sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, karibu kila kitu chumbani hubaki wazi bila kamera kuhangaika kutafuta fokasi. Kamera iliyoachwa peke yake kwenye stendi inahitaji tabia hiyo kuliko uzuri wa picha.

Ninayotumia ni Sony HDR-CX405, ya mwaka 2015. Haina waifai kabisa. Ndugu yake CX440 inayo, basi soma namba vizuri. Lenzi yake inaanzia milimita 26.8, na waya wa USB umefichwa ndani ya mkanda wa mkono, unauchomoa na kuuchomeka kwenye chaja ya simu au pawabanki. Mji ukikatika stima usiku wa kupamba, hilo tu limeniokoa mara mbili. Niliinunua imetumika, shilingi 17,500 pamoja na betri moja iliyochoka. Udhaifu wake: haina tundu la maiki, na taa ikiwa hafifu picha inajaa punje kama mchele uliomwagwa. Sensa yake haifiki milimita 4 kwa upana, na fizikia haibembelezwi.

Zinazofanana nayo ni Panasonic HC-V180, nayo haina waifai na lenzi yake inaanzia milimita 28. Ndugu yake V380 anayo. Na Canon Legria HF R806, isiyo na waifai, iliyo na tundu la maiki na la kusikilizia. Kama kazi yako ni kumrekodi mzee akisimulia, tundu la maiki lina thamani kuliko kitu kingine chochote. Hiyo Canon itakufaa.

Ya pili ni kamera ya picha yenye lenzi ya kubadilisha, zile DSLR za Canon zilizojaa sokoni. Sensa yake ina upana wa milimita 22, kwa hiyo katika mwanga wa taa moja ya kando ya kitanda inaona kile ambacho hendikamu inakisia. Hapa kuna namba mbili ambazo muuzaji atakuambia ni kitu kimoja, nazo si kimoja. 600D ya mwaka 2011 ina kioo cha kugeuka, haina waifai, na bei yake imeshuka sana. Lakini faili ikifika GB 4, ambazo ni dakika 12 hivi, inasimama. Inazima kurekodi kimya kimya na wewe uko mbali. Fokasi nayo haikufuati: ukisogea hatua mbili unakuwa ukungu, unabaki ukungu hadi mtu aibonyeze tena. 700D ya mwaka 2013 haina waifai pia, inagawa faili yenyewe bila kusimama hadi dakika 29 na sekunde 59, na inajaribu kufuata fokasi, hasa ukiivalisha lenzi zilizoandikwa STM ambazo hazipigi kelele. Ukimudu, chukua 700D na uiache 600D. Kuanzia 750D ya mwaka 2015 waifai imo. Si dhambi, ila itabidi uizime na ukumbuke kwamba umeizima.

Lenzi ya 18-55 inayokuja nayo inatosha. Ukipata pesa baadaye, ongeza ile fupi ya milimita 24 inayofungua hadi f/2.8, yaani inaingiza mwanga mwingi zaidi: nyembamba kama chapati ya maji, na sehemu kubwa ya chumba kidogo inaingia.

Ya tatu ni kamera ndogo ya mfukoni, zile za sherehe. Zina mengi mazuri lakini nyingi kioo hakigeuki na nyingi za karibuni zina waifai. Sizikatai, sizitafuti.

Ya kuikimbia ni ile mpya, boksi linang'aa, imeandikwa 4K na megapikseli 48, jina la kampuni hujawahi kulisikia, bei ni nusu ya Sony iliyotumika, na ndani ya boksi kuna maiki, rimoti, taa na mfuniko wa manyoya. Namba hizo nyingi ni za kunyoosha: picha ndogo inavutwa ikawa kubwa kama dera la mtu mwembamba. Kile kinachoitwa zumu ni kukata picha na kuikuza. Nilipewa moja kama zawadi. Kitu pekee ninachokitumia hadi leo ni mfuniko wa manyoya.

Kaseti za Mini DV nazo huuzwa kwa bei ya kutupa. Faragha yake ni kubwa, kwani hata wewe mwenyewe hutaweza kuzihamishia kwenye kompyuta mpaka upate yenye tundu la zamani liitwalo FireWire.

Hatua ya nne: gawa pesa kabla hujaingia dukani

Kanuni yangu: theluthi moja ya pesa isiguse kamera. Ukiwa na 30,000, kamera isizidi 20,000. Zinazobaki ni za kadi ya kweli, betri ya pili, stendi isiyoyumba, na balbu mbili. Anayemaliza zote kwenye kamera huishia kuiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya nazi, na katikati ya mambo inaanguka chali ikarekodi dari kwa dakika arobaini.

Hatua ya tano: dukani

Maduka ya elektroniki ya Moi Avenue na Digo Road yana za kutumika, na nyingi utaziona zimetangazwa na watu binafsi mtandaoni. Za Nairobi huletwa kwa basi. Usitume M-Pesa kwa kamera ambayo hujaishika. Kama muuzaji ni mtu binafsi, kutaneni mahali penye watu na penye soketi ya stima.

Nenda na vitu vitatu: kadi yako mwenyewe, tochi ndogo, na subira.

Anza na lenzi. Ifungue, washa tochi uielekeze kwa upande, si moja kwa moja, kisha utazame ndani kama unayetafuta unywele kwenye uji. Vumbi ni vidoti, usijali. Ukiona nyuzi nyembamba zimetawanyika kama utando wa buibui au mizizi, huo ni ukungu, ugonjwa wa lenzi za pwani. Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta moja, muuzaji ananiambia “hiyo ni alama ya kidole tu, dada, ikifutwa inatoka.” Nikaifuta mbele. Nikaifuta nyuma. Nikamrudishia na leso yangu aifute yeye. Ukungu uko ndani ya vioo. Haufutiki kwa leso.

Kisha rekodi dakika tano nzima kwa kadi yako, dukani humo, chini ya taa za tyubu. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Stima yetu ni volti 240, mzunguko wa 50 kwa sekunde. Taa za tyubu na balbu nyingi za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, kamera inaona. Kamera iliyouzwa kwanza Marekani au Japani mara nyingi imewekwa kwenye mfumo wa 60, na ukirekodi nyumbani kwako utaona mikanda myeusi inapanda na kushuka ukutani. Fungua menyu ya ubora wa video: ukiona 50i, 50p au 25p, sawa. Ukiona 60i na 30p tu, kwa Canon DSLR unaweza kuibadilisha kutoka NTSC, mfumo wa 60, kwenda PAL, mfumo wa 50, ndani ya menyu. Hendikamu nyingi hazina ruhusa hiyo, iache hapo hapo kwenye kaunta.

Katika dakika hizo tano zungusha kioo pande zote ukisikiliza kama picha inakatika, maana waya wa bawaba ndio hufa kwanza. Ongea ukiwa mbali, kisha uisikilize. Shika betri: ikiwa imevimba kidogo, bei ishuke au uondoke. Kwa 600D na 700D betri ni LP-E8 zote mbili, kwa hiyo ukihama kutoka moja hadi nyingine betri zako zinabaki na kazi.

Na fungua kumbukumbu ya ndani. Baadhi ya hendikamu zina hifadhi yake mbali na kadi. Mara moja nimekuta humo harusi ya watu wengine, ya nchi nyingine, saa nzima, nyuso zote ziko wazi. Niliifuta bila kuimaliza. Ndivyo na yako itakavyokutwa siku ukiiuza kwa haraka.

Hatua ya sita: kadi

Kadi bandia ni nyingi kuliko kamera bandia. Imeandikwa GB 128 kwa nje, kompyuta inaonyesha 128, lakini nafasi ya kweli ni 8. Inarekodi vizuri mpaka ijae, kisha inaendelea kujifanya inarekodi. Itie kwenye kompyuta ya Windows, uendeshe programu ya bure iitwayo H2testw: inajaza kadi yote kisha inasoma tena kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu, iache usiku.

Huhitaji kadi kubwa. Hendikamu inayorekodi kwa kasi ya megabiti 24 hula karibu GB 11 kwa saa, kwa hiyo GB 32 ni karibu saa 3. Canon 700D inakula karibu mara mbili ya hiyo. Kadi yenye alama ya 10 au V10 inatosha kwa hizi zote; V30 ni ya 4K. Nunua mbili ndogo kuliko moja kubwa, na uzipake rangi ya kucha kwa alama: nyekundu ya mambo ya ndani, isiyoingia kamwe kwenye simu, wala kwa rafiki, wala kwenye duka la kuprinti picha.

Hatua ya saba: usiku wa kwanza

Kama kamera ina taa nyekundu mbele, izime, menyu huwa na sehemu yake. Zima milio. Ikiwa kamera ina GPS, izime. Canon huweza kubeba jina la mmiliki ndani ya kila faili. Fungua menyu ya hakimiliki ufute la aliyekutangulia, na usiandike lako.

Stendi iwe kimo cha kifua cha aliyekaa, isiwe juu ikitazama chini kama kamera ya benki. Balbu isielekezwe usoni. Ielekeze ukutani kweupe au darini, mwanga urudi umelainika. Chagua rangi moja, ama ya manjano ya 3000K ama nyeupe ya 6500K. Ukichanganya, nusu ya mtu atakuwa rangi ya asali na nusu rangi ya maiti.

Halafu feni. Kama taa ya dari iko juu ya mapanga ya feni, kivuli kitapiga chumba kama mtu anayewasha na kuzima swichi. Tumia taa ya kando. Na sauti yake ndiyo utakayoisikia kuliko maneno ya mtu. Najua ushauri wa vitabuni ni kuzima feni. Aliyeandika hivyo hajalala Majengo mwezi wa pili. Ninachofanya ni kuipunguza hadi namba moja na kuisogeza kamera upande wa pili. Kwa simulizi za nyanya ndipo ninapoizima, kwa vipande vya dakika kumi kumi, na maji baridi katikati.

Rekodi jaribio la dakika moja, litazame, kisha ndiyo uanze.

Hatua ya nane: kutazama na kuhifadhi

Njia safi ya kutazama ni waya wa HDMI kutoka kwenye kamera hadi kwenye runinga. Hakuna kinachonakiliwa, hakuna orodha inayobaki. Tahadhari ya kununua: CX405 hutumia kichwa kidogo kabisa kiitwacho micro, Canon 600D na 700D hutumia mini. Beba kamera yenyewe dukani ujaribu waya, usikisie.

Kompyuta inahitaji macho. Windows yenye OneDrive mara nyingi huchukua yaliyomo Desktop, Documents na Pictures ikayapandisha mtandaoni, kisa kile kile cha tabuleti kwa sura nyingine. Kichezaji cha VLC hukumbuka majina ya faili za mwisho ulizofungua. Izime kumbukumbu hiyo, na usiipe faili jina linaloeleza kilichomo.

Kama mnataka kuweka, wekeni kwenye flashi au diski ya nje iliyofungwa kwa VeraCrypt, programu ya bure. Inatengeneza sanduku ndani ya flashi. Bila neno la siri ni takataka tupu. Neno liwe refu, maneno matano yasiyohusiana, si siku ya kuzaliwa wala jina la mtoto. Mkilisahau hakuna fundi atakayelifungua, kwa hiyo kwa kumbukumbu za nyanya wekeni nakala mbili katika nyumba mbili, na neno la siri lijulikane na watu wawili. Kwa mambo ya wawili, nakala moja inatosha.

Sasa kufuta. Ukibonyeza futa, kamera inafuta jina, video yenyewe inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu ya bure kama PhotoRec inaifufua, na kijana yeyote mwenye subira anaweza kuiendesha. Kwenye Canon, ukifomati kadi, weka alama kwenye ile fomati ya chini kabisa. Kwa kamera isiyo nayo, fomati, kisha uiache ikirekodi ukuta mtupu hadi kadi ijae, ufomati tena. H2testw nayo hufanya kazi hiyo hiyo ya kujaza.

Hatua ya tisa: hewa ya pwani

Chumvi na unyevu wa Mombasa vinaua kamera kabla haijazeeka. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi wala kabatini pamoja na nguo. Nunua kopo la plastiki la vyakula lenye mfuniko unaobana, utie vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, uvibadilishe msimu wa masika. Mchele hausaidii, unaacha vumbi. Ukitoka kwenye chumba cha eisi kwenda nje kwenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki nusu saa kabla ya kuifungua, vinginevyo lenzi itatoa jasho, na ukungu huanzia kwenye jasho hilo. Itumie mara kwa mara. Kamera iliyolala mwaka mzima gizani ndiyo ile utakayoiona kwenye kaunta, muuzaji akisema ni alama ya kidole.

Ikiharibika, au ukiiuza

Kwa fundi inakwenda bila kadi, na kumbukumbu ya ndani imejazwa na kufutwa kwanza. Ikiwa imekufa kabisa na ina hifadhi ya ndani, usiitengeneze. Bei ya kamera iliyotumika ni ndogo kuliko wasiwasi. Ukiiuza, rudisha mipangilio ya kiwandani, futa jina lako kwenye hakimiliki, na umpe mnunuzi betri, chaja na waya.

Kadi ile nyekundu usimpe. Mimi yangu ya kwanza niliikata vipande vinne kwa mkasi wa bati wa jirani yangu fundi wa masufuria. Aliniuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni laini ya zamani ya simu.